Mwongozo Kamili wa Kujenga Ushirikiano wa Michezo na Mazoezi kati ya Halmashauri Jirani za Kanda ya Kati

Mikoa ya Dodoma na Singida haina upungufu wa mashindano. Mara tu mavuno yanapoingia ghalani na kiangazi kikakolea, vijiji huandaa ligi za mchangani za kugombea mbuzi au ng'ombe, shule za msingi huingia kwenye mashindano ya UMITASHUMTA na za sekondari kwenye UMISSETA, watumishi wa halmashauri hujiandaa kwa mashindano yao ya SHIMISEMITA, na mjini wadhamini huitisha mabonanza. Kinachopungua ni mwendelezo. Bonanza likiisha, jezi hurudishwa stoo, kiwanja huota majani, na waliokuja kutazama hurudi majumbani bila kualikwa kwenye zoezi lolote la wiki inayofuata. Kila halmashauri hununua mipira yake, hufundisha waamuzi wake na kupanga tarehe zake, kiasi kwamba mwamuzi mzuri wa netiboli wa Manyoni anaweza asijulikane kabisa Bahi, ingawa wilaya hizo mbili zinapakana na zinaunganishwa na barabara kuu pamoja na reli.

Mwongozo huu unawahusu maafisa utamaduni na michezo, viongozi wa vyama vya michezo vya wilaya na mikoa, walimu, watendaji wa kata na viongozi wa vikundi vya mazoezi wanaotaka kufanya kazi pamoja kuvuka mipaka ya halmashauri zao. Msimamo ninaoutetea ni mmoja: ushirikiano wa aina hii upimwe kwa idadi ya watu ambao hawakuwa wakishiriki na sasa wanashiriki kila wiki, na mashindano yawe zao la kazi hiyo. Mpangilio wa hatua unafuata msimamo huo, ndiyo maana suala la kombe limewekwa karibu na mwisho.

Hatua ya kwanza: Tambueni nani hafikiwi

Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2020, linashauri mtu mzima afanye shughuli za mwili za kiwango cha wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au zile nzito kwa dakika 75 hadi 150, na kwa siku mbili au zaidi za wiki afanye mazoezi ya kuimarisha misuli. Watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wanapaswa kupata wastani wa dakika 60 kila siku. Kwa makadirio ya Shirika hilo, mwaka 2022 takriban asilimia 31 ya watu wazima duniani hawakufikia kiwango hicho.

Hesabu hizo ni za dunia nzima, na zikipelekwa Mvumi au Chipogoro kama zilivyo zitapotosha. Mkulima anayepalilia uwele kwa jembe la mkono tangu alfajiri mwezi Januari hahitaji kuhubiriwa mazoezi, na mama anayetembea umbali mrefu kufuata maji amekwisha kutimiza dakika zake kabla ya saa tatu asubuhi. Hali ni nyingine kwa karani anayekaa ofisini mchana kutwa, kwa dereva wa bodaboda, kwa muuza duka, na kwa mama lishe anayesimama mbele ya jiko kuanzia asubuhi hadi usiku. Kundi hilo limeongezeka sana Dodoma tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia huko, na mji ukapandishwa hadhi kuwa jiji Aprili 2018. Kijijini, kwa upande wake, hitaji huwa ni la msichana aliyemaliza darasa la saba au kidato cha nne akaacha kucheza siku hiyo hiyo, la kijana mwenye ulemavu ambaye hajawahi kuitwa uwanjani, na la mzee ambaye shamba amewaachia watoto. Malengo ya mjini na ya kijijini yakichanganywa katika mpango mmoja, kila upande utaona mpango huo haumhusu.

Kwa hiyo, kabla ya kuitisha kikao chochote cha wilaya, kila kata inayokusudia kushiriki iteue watu watatu: mtendaji wa kata, mwalimu mmoja wa michezo, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Wazunguke mitaa au vitongoji vyote na kuandika mambo matatu tu, yaani mahali ambapo watu hucheza au kufanya mazoezi sasa, nani huonekana hapo na saa ngapi, na nani haonekani kabisa pamoja na sababu anayoitoa yeye mwenyewe. Sababu hizo ndizo zenye thamani kubwa kuliko takwimu. Wasichana wakisema hawaji kwa sababu mazoezi huisha baada ya magharibi na njia ya kurudi ina giza, tatizo ni saa, na dawa yake haigharimu fedha.

Hatua ya pili: Anzeni na majirani wachache

Mkoa wa Dodoma una halmashauri nane na Singida una saba. Ushawishi wa kuziita zote kumi na tano kwa mara ya kwanza ni mkubwa, na ninashauri usikubaliwe. Kutoka Dodoma hadi Singida mjini ni karibu kilomita 240 kwa barabara, na kikao kimoja cha wajumbe kinaweza kumaliza fedha ambazo zingenunua mipira ya kata nzima.

Chagueni halmashauri mbili au tatu zinazogusana mpaka na ambazo wananchi wake wamekwisha kuzoeana kwa biashara, ndoa na ibada. Bahi na Manyoni zinafaa kwa sababu ya barabara na reli. Kongwa inapakana na Kiteto iliyo Mkoa wa Manyara, na wakulima wa pande zote mbili hukutana katika soko la mazao la Kibaigwa. Kondoa ina ujirani wa asili na Babati. Mtera, ambako bwawa limegawanyika kati ya Dodoma na Iringa, vijiji vya wavuvi vya pande mbili vinafahamiana kuliko vinavyofahamiana na makao makuu ya wilaya zao. Mpaka wa mkoa usiwe kizuizi pale ambapo watu wenyewe huuvuka kila siku.

Hatua ya tatu: Andikeni makubaliano, na yaingie kwenye bajeti

Mlango wa kuingilia ni ofisi ya Utamaduni na Michezo ya halmashauri, ambayo humwandalia Mkurugenzi Mtendaji andiko fupi. Halmashauri zikiwa za mikoa tofauti, barua zipitie kwa Makatibu Tawala wa mikoa husika, ambako pia yupo afisa michezo wa mkoa. Vyama vya michezo vishirikishwe tangu andiko la kwanza, si siku ya kusaini. Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa Sheria Namba 12 ya mwaka 1967, ndilo lenye dhamana juu ya vyama na vilabu vya michezo nchini, kwa hiyo kila klabu itakayoingia katika mpango ihakikishe imesajiliwa. Usajili huo huanzia kwa afisa michezo wa wilaya, na klabu isiyo nao haitaweza kufungua akaunti kwa jina lake wala kudai haki yake pale mgogoro utakapotokea.

Hati ya makubaliano isizidi kurasa mbili. Itaje halmashauri zinazohusika na muda, ambao kwa kuanzia uwe mwaka mmoja. Itaje vitu ambavyo kila upande unatoa: huyu anatoa usafiri wa waamuzi, yule anatoa ukumbi wa mafunzo, mwingine anatunza vifaa. Itaje jina la cheo, si la mtu, atakayekuwa mratibu, kwa sababu watumishi huhamishwa na makubaliano yaliyofungwa kwa jina la mtu huhama naye. Mwisho itaje namna ya kumaliza ugomvi na siku ambazo uamuzi lazima uwe umetolewa. Hati nyingi husheheni maneno kuhusu umuhimu wa michezo kwa afya na umoja wa kitaifa huku zikinyamaza kuhusu nani atalipa mafuta ya gari, na kwa kweli mafuta ndiyo yanayovunja ushirikiano.

Kuna jambo la muda ambalo wengi hulichelewa. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1, lakini mawazo yanayoingia humo huanza kukusanywa miezi mingi kabla, kupitia vikao vya vijiji na mitaa na Kamati za Maendeleo za Kata, kwa utaratibu wa upangaji shirikishi uitwao Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Mpango wa michezo unaopelekwa halmashauri mwezi Aprili huambiwa usubiri mwaka mwingine. Mpelekeeni diwani wenu mapema, tangu Oktoba au Novemba, mkiwa na gharama iliyochambuliwa. Kifungu kidogo kilichomo ndani ya bajeti kina nguvu kuliko ahadi kubwa iliyotolewa jukwaani.

Hatua ya nne: Viwanja

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hatua nyingine zote zinasimama juu ya ardhi. Viwanja vingi vya vijijini vipo kwa mazoea. Kila mtu anajua kwamba pale ndipo wanapocheza, lakini hakuna karatasi inayosema hivyo, na siku ambayo kijiji kitahitaji mahali pa ghala, au mtu atakapoanza kujenga pembeni na kusogea taratibu, hapatakuwa na la kuonyesha. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa Halmashauri ya Kijiji jukumu la kusimamia ardhi ya kijiji, chini ya uamuzi wa mkutano mkuu. Ombeni kiwanja kiwe ajenda katika mkutano mkuu wa kijiji, kipimwe kwa hatua au kamba mbele ya wazee wanaojua mipaka, uamuzi uandikwe kwenye muhtasari na kupigwa mhuri, kisha mhakikishe kinaonekana katika mpango wa matumizi bora ya ardhi wa kijiji iwapo upo au unapoandaliwa. Mjini, nendeni idara ya mipango miji mkaulize kama eneo mnalotumia limetengwa kama eneo la wazi, na mpate jibu hilo kwa maandishi.

Kiwanja cha mpira wa miguu kilicho kamili kina mita 105 kwa 68, na magoli yake yana upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44, lakini kijiji kisichoweza kupata ukubwa huo kisikate tamaa, kwani watoto na mazoezi ya wachezaji saba saba huhitaji nusu yake tu. Mahali pakiruhusu, urefu wa kiwanja uelekezwe kaskazini na kusini, ili jua la saa kumi na moja jioni lisimpige golikipa machoni. Pandeni miarobaini upande wa magharibi. Hustahimili ukame wetu na kivuli chake ndicho kitakachowaleta wazee na kina mama wenye watoto.

Kiwanja cha netiboli nakipendekeza kiwe cha kwanza kutengenezwa katika kila kata, kwa sababu ni kidogo, ni rahisi, na ndicho kinachowarudisha wasichana mchezoni haraka zaidi. Kukichora hakuhitaji fundi. Tafuteni kamba ya katani isiyonyumbuka yenye urefu wa mita 35 au zaidi, mambo manne ya mti (yaani vigingi), na futi ya fundi seremala. Pigeni mambo ya kwanza kwenye kona, pimeni mita 30.5 kwenda mbele na kupiga ya pili. Ili kona iwe mraba, rudini kwenye mambo ya kwanza, pimeni mita 6 juu ya mstari huo na mita 8 kuelekea pembeni, kisha sogezeni alama ya pembeni mpaka umbali kati ya alama hizo mbili uwe mita 10 kamili. Fuateni mwelekeo huo hadi mita 15.25 na kupiga mambo ya tatu, halafu fanyeni vivyo hivyo upande wa pili. Pimeni kutoka kona hadi kona mshazari: pande zote mbili zikisoma takriban mita 34.1, kiwanja kimekaa sawa; zikitofautiana, kuna kona iliyopinda. Gaweni urefu katika sehemu tatu zilizo sawa, chora nusu duara ya golini yenye nusu kipenyo cha mita 4.9, na duara la katikati lenye kipenyo cha sentimita 90. Nguzo za goli ziwe na kimo cha mita 3.05. Mistari ichorwe kwa majivu yaliyochekechwa au chokaa iliyokwisha kupoa. Chokaa inayochemka ikikutana na maji isitumike kamwe, kwa maana huunguza ngozi na macho.

Kila mchezaji wa Dodoma anaijua mbigili. Kabla ya msimu kuanza, kiwanja kipigwe jembe la juu juu, kifagiliwe kwa matawi yaliyofungwa pamoja, na kokwa zichomwe mbali na hapo. Kazi hiyo irudiwe baada ya mvua ya mwisho, maana wapo watoto wengi wanaocheza peku, na mtoto aliyechomwa mara mbili harudi.

Hatua ya tano: Ratiba moja ya pamoja

Ratiba ndiyo kazi halisi ya ushirikiano. Chukueni kalenda kubwa ya ukutani, iwekwe mezani, na kabla ya kuandika mchezo wowote andikeni kwanza siku ambazo hazifai.

Kanda ya Kati ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza takriban Desemba na kukoma kati ya Machi na Aprili. Kuanzia maandalizi ya mashamba hadi palizi, mashindano ya vijijini yasipangwe. Katika miezi hiyo fanyeni mafunzo ya waamuzi na mazoezi ya shuleni. Mavuno huchukua Mei na Juni, na alizeti na mtama zikiisha kupepetwa ndipo watu wanapokuwa na nafasi. Kwenye vijiji vya zabibu kama Hombolo na Mpunguzi, kalenda ni nyingine, kwani mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, hivyo waulizeni wakulima wenyewe.

Baada ya misimu, andikeni minada. Mnada wa Msalato huwa Jumamosi, na yeyote anayepanga zoezi la saa nne asubuhi siku hiyo kwa watu wa kaskazini mwa jiji atajikuta na filimbi yake peke yake. Andikeni ibada: Wasabato hawatakuja Jumamosi, Ijumaa mchana Kondoa iko msikitini, na wakati wa Ramadhani mazoezi yasogezwe au yapunguzwe ukali. Kisha andikeni mitihani ya taifa na kalenda ya michezo ya shule.

Siku zitakazobaki ndizo zigawanywe. Mwaka 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi itumike kwa mazoezi, na agizo hilo ni msingi mzuri kwa sababu ofisi za umma zinalifahamu. Lakini mara moja kwa mwezi haitoshi kiafya. Itumieni Jumamosi hiyo kuwa siku ya kukutanisha kata zote, saa 12 hadi saa 2 asubuhi, na katika wiki nyingine kila mtaa au kijiji kiwe na siku zake mbili zisizobadilika za mazoezi ya dakika 45 hadi saa moja. Kutobadilika huko ndiko kunakojenga mazoea. Watu wakijua kuwa Jumanne na Alhamisi saa 11 jioni kuna zoezi, awepo kiongozi au asiwepo, idadi itapanda yenyewe.

Yaliyomo katika zoezi yawe mepesi na ya kwetu. Mchakamchaka wenye nyimbo unafahamika kwa kila aliyesoma shule ya msingi nchini, na kwa mtu wa miaka hamsini ni kumbukumbu inayomrudishia nguvu. Rede, kuruka kamba na kuvuta kamba havihitaji mdhamini. Wanawake wa Kigogo wanaopiga na kucheza muheme hutoa jasho kuliko wengi wanaokimbia barabarani, na kikundi cha ngoma kinachokutana mara mbili kwa wiki kihesabiwe kuwa kikundi cha mazoezi bila ubishi wowote.

Mbio nazo zina mahali pake pa heshima katika ukanda huu. Septemba 2025 Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia jijini Tokyo kwa tofauti ya sekunde 0.03 na kuipatia Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo. Kizazi cha kabla yake kilimwona John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiwa na mguu uliojeruhiwa. Majina hayo yatumike kuwaita watoto kwenye riadha. Kwa mtu mzima anayeanza, hata hivyo, mfano wa bingwa unaweza kutisha. Yeye aanze kwa kutembea haraka kwa dakika kumi na tano, aongeze kidogo kila wiki, na akimbie pale mwili utakapomruhusu.

Hatua ya sita: Watu wa kubadilishana

Badilishaneni watu kabla ya kubadilishana vikombe. Andaeni orodha moja ya waamuzi, walimu wa michezo na viongozi wa mazoezi wa halmashauri zote zinazoshirikiana, ikionyesha mchezo, kiwango cha mafunzo na siku wanazopatikana. Mechi kati ya vijiji jirani ichezeshwe na mwamuzi kutoka wilaya nyingine. Kishawishi cha upendeleo hupungua, na malalamiko hupungua zaidi. Mafunzo yaandaliwe kwa pamoja kwa kuvishirikisha vyama vya mikoa, kama DOREFA na SIREFA kwa upande wa mpira wa miguu, na nafasi za mafunzo zigawanywe nusu kwa nusu kati ya wanaume na wanawake. Sababu si takwimu za ripoti tu: mzazi wa Chemba humruhusu binti yake mapema zaidi anapomwona mwalimu mwanamke uwanjani.

Kuhusu mavazi, msiwapangie wasichana. Waacheni wao na wazazi wao wakubaliane, iwe sketi, suruali ya mazoezi, au hijabu, na kanuni za mashindano yenu ziseme wazi kwamba yote yanaruhusiwa.

Watu wenye ulemavu washirikishwe kwa kuulizwa, kwa kuwa mara nyingi hupangiwa nafasi ya kukaa mbele na kupiga makofi. Timu ya taifa ya soka ya wenye ulemavu wa viungo, Tembo Warriors, ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2022 nchini Uturuki, na wachezaji wa aina hiyo wapo vijijini mwetu wakisubiri mpira na uwanja usio na mashimo. Hapa umoja wa halmashauri unasaidia moja kwa moja: kata moja inaweza kuwa na wachezaji wawili wasiotosha timu, lakini wilaya tatu zikiunganishwa timu inapatikana.

Kila mtu atakayesimamia watoto atambulishwe kwa wazazi na kwa ofisi ya kata, asisafiri na mtoto mmoja peke yake, na safari ya watoto wa kike iwe na msimamizi mwanamke. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto ibandikwe kwenye kila kiwanja.

Hatua ya saba: Usalama

Mazoezi makali yafanyike kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni, na maji safi yawepo kabla ya filimbi ya kwanza kupulizwa. Anayeanza akiwa na zaidi ya miaka arobaini, au mwenye kisukari, shinikizo la damu au maumivu ya kifua, apite kituo cha afya kwanza. Waombeni wahudumu waje na kipimo cha shinikizo la damu siku ya Jumamosi ya pili, kwani wapo wengi watakaogundua hali zao hapo hapo uwanjani. Mbio za barabarani zitolewe taarifa polisi mapema, na zikwepe barabara kuu ziendazo Singida, Morogoro na Iringa. Namba ya simu ya dereva aliye karibu na mwenye gari iandikwe kwenye daftari la kiwanja.

Hatua ya nane: Fedha

Gharama kubwa ni tatu: usafiri, vifaa na posho. Jambo la kwanza la kukubaliana ni kwamba posho za vikao zisile fedha ya mipira, na kwa maoni yangu angalau theluthi mbili ya kila shilingi inayopatikana ifike kwenye kiwanja cha kijiji. Nunueni vifaa kwa pamoja, kwani idadi kubwa ya mipira hupata bei nafuu dukani, kisha gaweni kwa daftari la kusaini. Mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, haikukusudiwa kuendesha ligi, lakini kikundi kinachoshona jezi au kufuma nyavu kinaweza kuiomba, na halmashauri zenu zikawa wateja wake wa kwanza.

Mdhamini akaribishwe kwa barua inayosema atapata nini na hatapata nini. Kwa shughuli zinazohusu watoto na vijana, kampuni za pombe na za kubashiri matokeo zikataliwe hata zikileta fedha nyingi, kwa maana hatuwezi kuwafundisha vijana kutunza miili yao huku vifuani mwao tukiwabandika matangazo ya vitu vinavyowaharibu.

Hatua ya tisa: Sasa mashindano

Mashindano ya pamoja yafanyike mara moja, kati ya Julai na Septemba, na sharti la kijiji kushiriki liwe rekodi ya mazoezi ya kila wiki kwa miezi mitatu iliyotangulia. Sharti hilo peke yake linafuta timu zinazokusanywa wiki moja kabla. Linapunguza pia mamluki, ambao ni chanzo kikuu cha rufaa, ushindi wa mezani na hata ngumi katika soka la mchangani. Kila mchezaji aandikishwe mbele ya mwenyekiti wa kitongoji chake, orodha ibandikwe hadharani siku kumi na nne kabla, na pingamizi zipokelewe katika siku hizo tu. Michezo ya wanawake ichezwe saa nzuri ya jioni sawa na ya wanaume, na zawadi zao zilingane.

Hatua ya kumi: Kuhesabu na kukabidhi

Kila kiwanja kiwe na daftari la mahudhurio lenye tarehe, idadi ya wanaume, wanawake, watoto, watu wenye ulemavu, na safu ya walioanza wiki hiyo. Safu ya mwisho ndiyo ya kutazamwa kwanza. Kila robo mwaka waratibu wakutane kwa zamu, mara hii Bahi na mara nyingine Manyoni, wasome madaftari hayo na kutafuta kijiji kimoja kilichopanda na kimoja kilichoshuka, kisha waende kukiona kile kilichoshuka. Kwa kawaida sababu huwa ndogo na inayoweza kurekebishwa, kama mpira uliotoboka au kiongozi aliyehama. Ripoti ya robo ipelekwe kwa wakurugenzi wote na kwenye Kamati za Maendeleo za Kata, ikiwa ukurasa mmoja.

Uratibu uhame kila mwaka kutoka halmashauri moja hadi nyingine, na makabidhiano yafanyike kabla ya Juni 30, wakati vifaa na hesabu za mwaka unaofungwa bado vipo mezani. Vinavyokabidhiwa ni hati ya makubaliano, orodha ya waamuzi na viongozi wa mazoezi, daftari la vifaa, taarifa ya benki, madaftari ya mahudhurio ya viwanja vyote, na nakala za mihtasari ya vijiji inayoonyesha kuwa viwanja ni mali ya kijiji. Mratibu mpya ahesabu vifaa mwenyewe kabla ya kusaini, na palipo na upungufu uandikwe siku hiyo hiyo pamoja na jina la ofisi itakayoufidia.